Shazia ya Komadre Emeteria

Komadre wangu Emeteria Vallejos hakupata kununua yai bila kulitikisa sikioni. Alikuwa akiuza viazi soko la Jumanne pale Punata, na kazi ile humfundisha mtu kutoamini. Gunia huja limejaa, viazi vya juu vinapendeza, vya chini vinapendeza, na katikati wamekufichia vile vidogo vilivyooza. Kwa hiyo alitembea na shazia, sindano ile ndefu ya kushonea magunia, ameichomeka kwenye mtandio begani. Kabla hajatoa hela anaizamisha tumboni mwa gunia, anaichomoa, anainusa. Wakulima walimchukia, ila walimchukia kwa heshima.

Namwita komadre kwa sababu nilimsimamia bintiye Zenobia kwenye ubatizo, na kwetu huo ni undugu usiofutika. Mimi mnoaji visu. Natembea na gurudumu langu bonde zima, leo Cliza, kesho Tarata, na kila nikipita Punata sharti niingie kwake ninywe supu ya karanga. Mwaka ule nilipoingia, wakati wa kuvuna mahindi, supu haikuwepo. Sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda, naye amekaa mbele yake kama askari anayelinda mfungwa.

Zenobia alikuwa Madrid, akitunza wazee wa watu. Alikuwa na mimba nzito, mwanamume mwenyewe ameshayeyuka, na daktari amesema atapasuliwa. Hakuwa na mtu kule wa kumshika hata mkono. Alijinyima akamtumia mama yake tiketi ya ndege, safari moja, siku moja, ikikupita imekupita. Viza ilishagongwa. Komadre hakuwa amepanda ndege tangu azaliwe, lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa ndege. Ni watu.

Maana kwetu ukisikika unakwenda Hispania, unageuka punda wa mtaa mzima. Kila mwenye mtoto kule analeta amana yake: jibini, mikate, pilipili ya kusaga. Kukataa ni kama kumtemea mtu mate mlangoni. Na wakati uleule kila mtu anajua habari za yule mama wa Cliza aliyebebeshwa mdoli na jirani, kumbe mdoli tumboni ana unga, ule unga usiopikwa, na mpaka leo yuko gerezani Ulaya. Kama ni kweli mimi sijui. Kila mji una mama yake wa namna hiyo, na siku zote anatoka mji wa jirani.

Basi komadre hakukataa. Alipokea, akashukuru, akaingia ndani, akatoboa. Jibini la fundi cherehani alilipiga shazia mpaka likawa kama chujio. Mikate aliivunja yote. Kulikuwa na sanamu ya mtakatifu imetengenezwa kwa matambara. Akamfumua mgongo, akampekua pamba, akamshona tena kwa uzi wa gunia, mweusi, kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha. Hata mimi, nilipoinua sanduku kujaribu uzito, aliniambia nigeuze mifuko.

"Komadre, mimi?" nikamwambia.

"Kikulacho ki nguoni mwako, kompadre. Geuza."

Nikageuza. Alikuta kipande cha tupa na ganda la chungwa.

Siku mbili kabla hatujaondoka akaja Hortensia, jirani wa ukuta mmoja, naye pia humwita komadre kwa ujirani tu, mwanamke mnene, mpole, mwenye kicheko cha chini chini. Mwanawe yuko Madrid miaka mingi, anajenga nyumba za watu, na hajarudi. Alileta furushi la kitambaa cha mfuko wa ngano, limeshonwa pande zote.

Komadre alilibonyeza. "Nini humu?"

"Unga, komadre."

Niliona uso wa Emeteria ukibadilika. "Unga gani?"

"Wa chunyo. Amezoea uji wake tangu mdogo. Kule anasema wanakula vitu laini tu."

Chunyo ni viazi vyetu vilivyogandishwa na baridi ya milimani vikakaushwa juani, na ukivisaga unga wake ni mweupe sana. Emeteria akachukua mkasi akafumua furushi palepale, mwenye mali akitazama. Unga ukaonekana. Hortensia akaulamba kidoleni, akasema onja basi na wewe. Emeteria hakuonja. Akasema yeye anakwenda kumpokea mjukuu, haendi kufungwa, na akalisukuma furushi mezani mpaka ukingoni.

Hortensia alilifunga upya polepole. "Sawa," akasema. "Ukienda mbinguni mtoboe na Mtakatifu Petro, usije ukapewa funguo bandia."

Akatoka. Nilijua hapo pameharibika. Nikamwambia komadre hivyo, akasema bora jirani akasirike kuliko askari afurahi.

Lakini msafiri kwetu husindikizwa, hata na aliyegombana naye, na tena hawaondoki mpaka ndege waione juu. Kwa hiyo tulipopanda basi la Santa Cruz, Hortensia alikuwemo, kiti cha nyuma yetu, na mgongoni amefunga kitu ndani ya mtandio wake. Njia nzima Emeteria aligeuka kukitazama. Milima ikaisha, joto likatupiga, yeye bado anageuka.

Kwenye uwanja wa ndege wa huko, binti wa meza ya kupokea mizigo alimuuliza kama mzigo amefunga mwenyewe. Akajibu amefunga mwenyewe, amefungua mwenyewe, na amefunga tena. Akaulizwa kama amebeba majani, mbegu, mmea wowote. Akasema hapana, na nawahakikishia alisema kwa moyo safi. Sanduku likaenda zake. Kwenye kioo, mahali ambapo sisi hatuendelei, tukakumbatiana. Hortensia naye alimkumbatia, na aliona mtandio wa mwenzake umekaa upande, akaunyoosha begani kwa vidole viwili. Emeteria akawa kama aliyeguswa na nyoka. Akaingia.

Tuliona yote kupitia kioo ila sauti. Yaliyosemwa nimeyapata kwake baadaye.

Palikuwa na foleni, na mbwa wa askari, wa kunusa dawa za kulevya, anapitishwa kando yake, mbwa mdogo mwenye masikio ya kulala. Mbwa akampita bwana mmoja, akampita mtawa, akafika kwa Emeteria, akakaa chini, na kukaa ndiyo ishara yake. Hakubweka. Alikaa tu, kama mgeni aliyekaribishwa.

Komadre hakungoja kuulizwa. "Ni Hortensia," alisema. "Yule pale nje ya kioo, mnene. Amenitilia sasa hivi alipokuwa akinishika bega. Nilimhisi kabisa."

Tulichokiona sisi ni kidole chake kikituelekea. Hortensia akapunga mkono, akidhani anaagwa.

Askari wa kike, msichana wa milimani kwa sura yake, akampeleka kando akampapasa. Begani hakukuwa na kitu ila shazia. Kiunoni, chini ya sketi, akakuta mfuko wa sufu uliofumwa kwa rangi.

"Na hiki?"

"Hicho? Hicho changu. Ninacho tangu niolewe."

"Ndani mna nini, mama?"

"Hamna kitu. Koka tu."

Msichana akafungua. Majani ya koka, mabichi, ya wiki ile, yamejaa mpaka mdomoni.

"Mama, uliulizwa majani ukasema huna."

"Mwanangu, haya si majani ya kubeba. Haya ni ya jino."

Sasa wewe msomaji utacheka, lakini hapa kwetu mtu haulizwi kwa nini ana koka, kama asivyoulizwa kwa nini ana mate. Tunaitafuna kazini, tunaitafuna msibani, jino likiuma tunaibandika shavuni. Amewapekua watu wote wa Punata, na chake mwenyewe hakukiona, kwa kuwa kilikuwa mwilini kama kidole cha mguu. Ila hatutoki nayo nje ya nchi. Huko jani moja ni kesi, maana ule unga usiopikwa hutokana nayo.

Lingeishia hapo. Wangeyamwaga majani, wangemkemea, wangemwacha. Lakini mbwa akishakaa, desturi yao ni kulirudisha sanduku. Wakalileta, wakalifungua juu ya meza ya chuma, na askari wawili, yule msichana na mkubwa wake, wakainamia vilivyomo.

Jibini lina matundu pande zote. Mikate imevunjwa ikafungwa upya kwa kamba. Mtakatifu ana mshono mweusi toka shingoni hadi kiunoni.

"Nani amevifungua hivi vitu akavifunga tena?" akauliza askari mkubwa wa kiume.

"Mimi."

"Kutia nini?"

"Kutafuta."

"Kutafuta nini?"

"Unga," akasema komadre wangu.

Nje tulisikia kipaza sauti kikiwaita abiria wa Madrid. Foleni ilikwisha, mtawa alikwisha pita, na Emeteria tunamwona amesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Aliniambia wakati ule hakufikiria gereza. Alimfikiria Zenobia amelazwa juu ya kitanda cha magurudumu, anaulizwa nani aitwe, naye anasema hakuna.

Akawaambia wamwite yule mwanamke wa nje. Askari mkubwa akashangaa: si umesema ndiye amekutilia? Akasema, nimesema hivyo, na mwiteni.

Wakatuita wote wawili mpaka mlangoni mwa kile chumba. Askari akamweleza Hortensia bila kumficha kitu: mwenzio amesema umemtia dawa begani, na mzigo wake umefumuliwa wote; wewe unajua nini? Nilimtazama Hortensia. Mwanamke aliyefumuliwa furushi la mwanawe mbele ya macho yake angeweza kusema hajui, na hilo lingetosha. Ndege ingeondoka na tiketi yake.

Emeteria naye alimtazama. Hakuomba. Nadhani alikuwa akimpima, hata hapo, kama gunia.

Hortensia akasogea mezani. Akakata kipande cha jibini lile, akala. Akala na mkate. Halafu ndipo akasema. "Bwana askari, huyu mama nyumba yangu na yake ni ukuta mmoja. Ni mwenye roho mbaya ya tuhuma, hata maji ya mvua anayachungulia yametoka wapi. Kila alichopewa amekitoboa ili asije akawaletea ninyi kazi. Ndiyo hiyo kazi sasa amewaletea." Akamtoa Mtakatifu sandukuni, akatazama ule mshono. "Na hajui kushona. Mhalifu angeshona vizuri."

Msichana wa milimani akageukia ukutani. Mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko.

Wakadondoshea jibini na pamba maji yao ya kupimia, wakangoja, hakikutokea kitu. Koka wakaimwaga kwenye pipa, mfuko wakamrudishia. Askari mkubwa akasema apite upesi, mlango wa ndege unafungwa, ila ile sindano haiingii.

Komadre akaichomoa shazia begani. Akasimama nayo kidogo. Akampa Hortensia.

"Nitunzie."

"Nami niitoboe kwanza nione kama haina kitu ndani?" akasema Hortensia, lakini aliipokea kwa mikono miwili.

"Na nipe lile furushi," akasema Emeteria. "Najua umekuja nalo. Nimeliona njia nzima."

Hortensia akalifungua kutoka mgongoni. Askari mkubwa alishika kichwa. Wakalipima nalo, unga ukabaki unga, wakaona bora waondokane na wanawake hawa. Emeteria hakulionja wala hakulibonyeza. Alilikumbatia, akakimbia, sketi pana ikipepea, na sisi tukaenda kusimama juani kuitazama ndege mpaka ikawa kama inzi.

Ndani ya ndege, anasema, hakufunga jicho. Jino lilikuwa likimuuma na shavu lilikuwa tupu. Chakula kilikuja kimefunikwa karatasi ya bati akakitoboa kwa uma kabla ya kufunua. Furushi lilikaa mapajani, hakukubali liwekwe juu. Bwana mmoja mwenye tai, aliyeketi kando yake, alichoka kuliona akamuuliza kwa upole amebeba nini.

"Unga," akasema. "Si wangu. Nimepewa na jirani."

Yule bwana akaomba ahamishiwe kiti kingine. Komadre anasema alimshuku tangu mwanzo.

Aliwahi. Zenobia alipasuliwa kesho yake, mtoto ni wa kike, ana masikio ya bibi yake. Jumapili ile tukakusanyika kwa Hortensia mbele ya simu yenye picha, na mwanawe Hortensia akaonekana nyuma ya komadre na bakuli la uji, anakula bila kuinua uso. Tukamwona mtoto, tukamsifu, Hortensia akalia kidogo. Emeteria akangoja tumalize.

"Shazia yangu ipo?"

Hortensia akaitoa ukutani alikoichomeka, akaisogeza karibu na simu.

"Ipo, komadre. Hii hapa."

Emeteria akakodoa macho kutoka Madrid.

"Igeuze," akasema. "Nione na upande wa pili."