Mfalme wa Mizabibu Alisahau Kufunga Kitalu

Saa tano asubuhi. Theluji imefika magotini katika kijiji cha Dolna Breza, kaskazini mwa Bulgaria, na jua limejitokeza kwa kusitasita. Zlatka Doneva, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, anainama kwenye kijimlango cha nailoni, anaingia na beseni lake, na papo hapo anavua koti.

"Funga mlango upesi!" anamfokea mwandishi huyu kabla hata ya salamu. "Joto lenyewe la kubembeleza, halafu wewe unalifungulia njia!"

Kitalu nyumba chake hakizidi ukubwa wa sebule mbili. Kina harufu ya zizi, na vichwa vya saladi vimejipanga mistari, kijani kibichi. Hakuna jiko wala umeme. Joto linatoka chini ya udongo, kwenye samadi mbichi ya farasi iliyochanganywa na majani makavu ya ngano. Samadi ikioza, inachemka.

"Babu yangu alilima hivi hivi," anasema. "Mimi nikajifanya mjuaji, nikanunua jiko."

Alishona mashati kiwandani kwa miaka ishirini na miwili, hadi kiwanda kilipofungwa. Ndipo yeye na mumewe, Dimo, walipoingia kwenye kilimo cha majira ya baridi. Wakati wa Kwaresima watu hawagusi nyama, na mwenye mboga mbichi hakosi mteja.

Lakini mwaka wa kwanza theluji iliangusha paa. Mwaka wa pili jiko la kuni lilizimika, kukicha kila jani limekuwa barafu. Dimo akatoa neno lake la mwisho. Wakishindwa tena, wanang'oa nailoni na kwenda Ujerumani kuchuma mboga ya asparagasi, kama ilivyokwenda nusu ya kijiji, akiwemo mtoto wao, Neli. Msimamizi wa mashamba ya huko akawawekea nafasi kabisa.

"Nilishawahi kwenda," anasema Zlatka. "Tulilala wanawake sita chumba kimoja. Mama yangu akafariki nikiwa huko, nikamzika kwa simu. Siendi tena ng'o, hata wanifunge kamba!"

Kwa hiyo mwaka huu ulikuwa wa kufa na kupona. Akarudi kwenye samadi ya babu, akaipata kwa jirani yao, Mzee Rusko, ambaye bado ana farasi wawili. Mambo yakaenda vizuri hadi siku ya Mtakatifu Trifon, mwanzoni mwa Februari.

Siku hiyo wanaume hupogoa mizabibu, huimwagia divai, kisha humchagua mfalme wa mizabibu. Humvika taji la vitawi na kumbeba mabegani kuzunguka kijiji kizima. Safari hii heshima hiyo ilimwangukia Dimo.

Zlatka alikuwa mjini, amepeleka vitunguu vya majani sokoni. Jua la mchana lilikuwa kali, kwa hiyo aliacha nailoni imefunuliwa ili mvuke utoke na majani yasioze. Kazi ya Dimo ilikuwa moja tu, kuifunga jua likianza kupoa.

"Nilimkumbusha, nikamkumbusha tena. Akanijibu, 'Mama Neli, kwani mimi mtoto?'"

Aliposhuka kwenye basi jioni, baridi ilikuwa inauma masikio. Nailoni ilikuwa wazi pande zote mbili, na saladi zimekakamaa. Kutoka barabara ya juu zikasikika ngoma, na mumewe akatokea yuko juu ya mabega ya wanaume, anaimba.

"Nililia pale pale barabarani," anasema. "Halafu nikapandwa na hasira. Afadhali ile hasira."

"Wewe mfalme, shuka!"

"Mama Neli, njoo uonje kidogo..."

"Onja mwenyewe, maana kesho tunafunga mizigo. Kitalu kiko wazi!"

Dimo, aliyekaa pembeni akifunga vitunguu mafungu, anainamisha kichwa. "Divai yote ilinitoka," anasema. "Nilitamani ardhi ipasuke."

Aliyewazindua ni Mzee Rusko. "Mnasimama kumtazama mtoto wa watu analia? Zizini kwangu kuna samadi inafuka moshi. Shikeni mabeleshi, walevi nyie!"

Wanaume wakaisomba kwa matoroli, na suti zao za kanisani mwilini. Wake zao wakaja na mablanketi ya sufu. Dimo alitaka kupangusa barafu kwenye majani, Zlatka akampiga kofi mkononi. Jani lililoganda halishikwi, likiguswa tu limekwisha. Huachwa liyeyuke lenyewe, polepole.

Samadi ikajazwa kwenye vijia kati ya matuta, mablanketi yakatandazwa juu ya kamba, kila upenyo ukazibwa. Asubuhi Zlatka hakuthubutu kufunua. Alingoja hadi jua lilipopanda.

"Za mlangoni zilikuwa uji mtupu. Nikafunua za katikati, zimesimama. Nikafunua nyingine, zimesimama! Nikambusu Mzee Rusko mbele ya mkewe."

Zaidi ya nusu zilipona, na tayari zinagombewa sokoni. Dimo naye amepata cheo kipya. Kijiji kizima kinamwita Mfalme wa Samadi, na anaitika.

Tukiwa bado tunaongea, simu ya Dimo inalia. Ni msimamizi kutoka Ujerumani, anataka jibu la mwisho. Dimo anamtazama mkewe. Zlatka anaendelea kukata saladi, hainui kichwa.

"Si umepigiwa wewe? Jibu."

Dimo anakohoa. "Hapana, kaka, tafuta watu wengine. Sisi tumebaki."

Kisu kinasimama. Zlatka anajifuta macho kwa mkono wenye udongo.

"Sema tena, Baba Neli. Sikusikia."

"Tumebaki, bwana!"

"Haya. Ardhi ikilegea tu, tunachimba kitalu cha pili, cha pilipili hoho," anasema, na kisu kinarudi kazini. "Neli naye atoke huko Ujerumani, aje akisimamie."