Nilitumwa matangani kuomba radhi, nikakuna nazi siku tatu

Wakuu, salaam. Mimi humu huwa nasoma tu, kuandika kwangu ni pole pole. Lakini hili limenikuta mwenyewe, wallahi sijatia chumvi.

Tuko vijana sita Likoni, tunakodisha hema na viti. Mwenyekiti wetu, Katana, alisikia kila kampuni ina mtu wa PR, wa kuipatanisha na watu. Akanichagua mimi.

"Huyu haongei," akasema. "Hawezi kutukosanisha na mtu."

Wiki ileile tukakosea. Hema la harusi likapelekwa matangani, mtaa wa Shika Adabu. Amefariki bibi mzee, na juu ya vichwa vya wafiwa kunaning'inia kitambaa chekundu: HONGERA BI HARUSI.

Binti wa marehemu, Bi Saumu, akapiga simu.

"Asikiguse mtu! Mje wenyewe muione aibu yenu. Shika Adabu hamtakodisha tena hata kigoda!"

Mtaa huo ndio unaotulisha, wakuu.

Nikaandika barua ya radhi. Mistari minne, asubuhi nzima. Katana akasisitiza: soma barua kwanza, ndipo ushushe kitambaa.

Nikafika. Sijafungua mdomo, mzee mmoja akanishika mkono, akanipa pole, akanipeleka nyuma kwa wapishi. Kwetu mtu akija matangani haulizwi amefuata nini. Nikakalishwa kwenye mbuzi ya kukunia, nikapewa nazi.

Nikakuna.

Kila nikisema "samahani", naongezwa nazi nyingine.

Siku ya pili nikarudi nisome barua. Nazi zilikuwa zanisubiri. Wageni wapya walikuwa wakiingia, wanasoma kitambaa, wanatazamana, wanaketi.

Katana akaniandikia: "Umefika wapi?"

Nikamjibu: "Nazi ya thelathini."

Siku ya tatu, baada ya khitma, Bi Saumu akaja kwa wapishi.

"Mwanangu, umetutumikia kuliko wajukuu. Wewe ni wa upande gani?"

Nikatoa barua. Ilikuwa imelowa tui. Nikaisoma yote, mpaka "wako mtiifu".

Wapishi wakaacha kukoroga.

"Siku tatu," akasema, "kwa ajili ya kile kitambaa?"

"Naam, mama."

Akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akalia. Akajifuta kwa leso.

"Mama aliozwa juu ya mkeka wa kuazima. Hakuna aliyempa hongera. Kiacheni mpaka jioni. Na arubaini yake, hema mlete nyinyi."

Basi Katana sasa anaamini ule ulikuwa mpango wa PR. Mteja akilalamika, natumwa nikiwa na mbuzi yangu. Jana nimemkunia nazi fundi simu aliyevunjikiwa kiti. Hana hata jiko.

Nilichojifunza: aliyeudhika hana haja na barua nzuri. Anataka aone umebaki.

Wenye vyeti vya PR humu, nyinyi mlifundishwaje? Na nani atanisaidia kumwambia Katana basi? Mimi naona haya.