Mlango Uliofungwa Mchana

Nilipoanza kujiandaa kwa mtihani wa uhasibu, niliapa kwamba safari hii hakuna atakayenivuruga. Nilinunua meza kwa mafundi seremala wa Gisozi, nikaielekeza ukutani. Simu niliifungia kabatini. Nikateremsha pazia, nikakomea mlango, nikajiziba masikio kwa pamba. Nyumba zetu za Batsinda zimebanana, na jirani yangu, mama mtu mzima anayeishi peke yake, alikuwa na mazoea ya kuniita dirishani kutwa nzima kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

Siku ya tatu mlango ulisukumwa mpaka komeo likang'oka. Niliruka kutoka kitini nimefura kwa hasira. Alikuwa yeye, ameshika chupa ya uji, na nyuma yake wanaume wawili wa mtaani.

"Nimebisha toka asubuhi," alisema. "Uko mgonjwa?"

"Nasoma, Mama! Mtu hawezi kusoma kwake?"

Wale wanaume walicheka. Yeye hakucheka. Aliketi kitandani mwangu, akasema polepole, "Mwanangu, nyumba ya jirani ikinyamaza mchana, mimi siwezi kukaa kwangu."

Sikumuuliza zaidi. Kwa mtu wa umri wake, aliyekuwa katika mji huu wakati wa mauaji ya kimbari, sikuthubutu.

Nilikunywa uji wote. Meza bado imeelekea ukutani, lakini mlango nauacha nusu wazi, pamba nimezitupa, na kila nikifungua ukurasa mpya nakohoa kidogo, asikie.