Mpakiaji Hupakia Chake Mwisho

Watu watano tulichangia kontena moja. Ndivyo wafanyavyo wasio na mzigo wa kulijaza peke yao: kila mmoja anapewa sehemu yake, na siku ya kupakia mnakutana ghalani kila mtu akiamini kwamba mwenzake amezidisha. Mimi nilikuwa na majora ya vitambaa vya pazia kutoka soko la Zhongda, hapa Guangzhou. Mzanzibari mmoja, tuliyemfanya mwenyekiti kwa sababu tu ndiye aliyefungua kundi letu la WeChat, alikuwa na makochi. Ndugu wawili wa Arusha walikuwa na spika na mabegi ya safari. Wa tano alikuwa dada mmoja wa Njombe, na mzigo wake ulikuwa masweta ya watoto wa shule.

Wa sita hakuwa na mzigo. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi aliyefundisha falsafa sekondari mpaka mshahara ukaacha kufika, na sasa alikuwa na meza yake kwenye jengo la maduka la Tianxiu, akitutafsiria na kutuandalia karatasi za forodha. Tulimwita Profesa. Mwanzoni ilikuwa dhihaka, baadaye ikawa cheo.

Profesa alikuwa na ugonjwa mmoja, karne ya kumi na nane ya Ulaya. Unakwenda kumuuliza meli inaondoka lini, unatoka umejua watu wa mawigi walivyobishana kama mfalme amewekwa na Mungu au amejiweka mwenyewe. Walibishana, alisema, wakinywa chai iliyotoka mji huu huu. Enzi hizo mzungu wa meli aliruhusiwa kufanya biashara Guangzhou tu, tena akae kwenye kipande kimoja cha ukingo wa mto, na msimu ukiisha aondoke. Nikamwambia hapo hapajabadilika sana. Viza yangu nayo ina msimu.

Kilichonivutia ni kwamba baadhi ya watu hao walimsifu mno mtawala wa China kwa hekima na haki, na China yenyewe hawakuwahi kuikanyaga. Nilimuuliza Profesa walijuaje. Akasema hawakujua, walitaka kumsema mfalme wao bila kumtaja. Hapo nikawaelewa kabisa. Kwenye soko la nguo la Shahe nafanya hivyo kila wiki. Ukitaka laoban, mwenye duka, ashushe bei ya mashati, sifia duka la jirani ambalo hata hujaingia.

Mkataba wao ndio sikuupenda. Alinieleza kwamba watu zamani waliishi kila mtu kivyake, akiogopa jirani, kisha wakakubaliana kila mmoja apunguze uhuru wake kidogo ili wote wakae chini ya sheria moja. Nikauliza nani alitia sahihi. Akasema hakuna aliyetia. Mmoja aliyewatangulia wale wa mawigi alishikilia kwamba ukipita tu kwenye barabara ya nchi, tayari umekubali sheria zake. Nikamwambia mkataba ambao mtu anauingia kwa kupita njia ni mkataba wa dalali. Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini hakunijibu, na mimi bei isiyojibiwa huwa siisahau.

Siku ya kupakia, masweta hayakuwepo. Kiwanda kilikuwa kimechelewa, na dada alikuwa amepanda basi alfajiri kwenda kuyachukua mwenyewe. Msimamizi wa ghala alitwambia lori linaondoka jioni, na mlango ukishafungwa haufunguliwi. Kontena la baadaye lingefika nyumbani baridi imeshakwisha. Njombe sweta lina miezi yake. Ikipita, unawauzia watu sufu juani. Dada alikuwa ametia humo mtaji wake wote. Hiyo haikuwa siri, alituambia siku tulipochangia.

Ndugu wa Arusha walikuwa wamekuja na katoni za ziada, na mwenyekiti alikuwa na makochi zaidi ya yale tuliyoandikiana. Basi mwenyekiti akaandika kwenye kundi kwamba dada hajafika, nafasi yake igawanywe, na asiyejibu ndani ya nusu saa atahesabiwa amekubali. Ndivyo makundi yetu yote yanavyoamua, ya harusi, ya misiba na ya kontena. Ndugu wawili wakakubali upesi. Mimi niliandika kwamba tupime kwanza, maana sijawahi kugawa kitu ambacho sijakipima mara mbili. Dada hakujibu. Nusu saa ilipokwisha, kochi la kwanza la ziada likanyanyuliwa.

Lilikuwa bado mikononi mwa wapakizi gari dogo lilipoingia, na dada akashuka katikati ya katoni zake. Simu alikuwa ameipatia chaji kwa dereva. Akasimama pale pale akasoma.

“Kaka zangu,” alisema, “simu ilizima. Simu ikizima, mimi nimekubali nini?”

Mwenyekiti ni mtu mpole, na alijibu kwa upole. “Si mie, dada yangu. Ni kundi. Wengi wameshasema.”

“Wengi ni nyie, mnagawana changu.”

Watu wakanyamaza, kimya ambacho kwa sheria yetu kingehesabiwa kuwa tumekubali. Nikamtazama Profesa, aliyekuja na karatasi zake. Alikunja ile ya juu.

“Bon,” akasema. “Wengi wakikaa kugawana cha mmoja, ile si sauti ya wote. Ni njaa ya kila mutu, mumeiweka sahani moja.”

Mmoja wa ndugu akasema maneno ni mazuri lakini hayaongezi nafasi. Profesa akauliza nani kati yetu anajua kupanga mzigo. Wote wakanionyesha mimi, na halikuwa jambo la sifa. Ni kwa sababu nawachosha kwa kupimapima. Basi yeye apange, akasema Profesa, ila mzigo wake uingie mwisho. Nafasi ikikosekana, ikosekane kwake.

Nilitaka kupinga, nikakosa pa kushika. Kwetu anayegawa nyama ndiye huchukua kipande kinachobaki, na sijawahi kusikia mtu akiomba kufafanuliwa. Nikatoa sharti moja tu: vya ziada vitoke kwanza, kila mtu abaki na sehemu aliyoandikiwa. Wakakubali, kila mmoja kwa mdomo wake. Lakini hata sehemu tulizoandikiwa mwenyekiti alikuwa amezikadiria kwa macho, na ukizijumlisha zilizidi kontena.

Sijawahi kuona nafasi nyingi kama nilizoziona siku ile. Kochi ni sanduku la hewa ambayo mtu ameilipia. Tuliyalaza uso kwa uso, na ndani ya matumbo yao yakaingia masweta, lakini kwanza ilibidi yatoke kwenye katoni na kutiwa mifukoni. Nilimuuliza dada kama anakubali. Akakubali. Nikamuuliza tena. Mabegi ya safari tukayajaza vilevile. Mwisho yakaingia majora yangu, yakipanda mpaka darini, na robota moja la vitambaa likabaki nje. Nilipima pengo mara mbili, na mara zote mbili likabaki. Dada akalitazama robota, kisha mimi.

“Pole, kaka,” alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejuta. Mlango ukafungwa, na masweta yote yakiwa ndani.

Lori lilipoondoka mwenyekiti akainamia simu, akaandika kwenye kundi: kuanzia leo, asiyejibu hajakubali. Nilisubiri. Hakuna aliyejibu; walikuwa wakijipangusa vumbi na kutafuta maji. Kwa sheria ya zamani hoja yake ilikuwa imeshapita, kwa sheria mpya ilikuwa bado. Profesa alisoma juu ya bega langu, akacheka kwa puani.

Nikakaa juu ya robota langu nikaandika: Nimekubali. Chini yangu likatokea jina la dada, na neno hilo hilo.