Valeria na Kuni za Wendelini

Sauti ya Valeria ilinifikia jikoni kabla hajafika mwenyewe. "Hodi wenye nyumba! Mbona kimya, mmefiwa?" Mimi Notburga, mpishi wa nyumba hii ya wazee tangu ifunguliwe, nikaangusha mwiko. Kwetu Umatengo mgeni hubisha hodi, husubiri, hubisha tena. Huyu alikuwa ameshakaa juu ya kinu changu, anauliza leo tunakula nini.

"Shuka kwenye kinu," nikamwambia. "Na shikamoo umeiacha wapi?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Shikamoo mama, samahani mama!" Alinikera, na nikampenda siku hiyohiyo.

Ni Mnyasa, mzaliwa wa Mbamba Bay. Amekua akianika usipa, dagaa wa ziwani kwao, ufukweni, akipiga kelele kushindana na mawimbi na kunguru. Mumewe anaendesha lori la makaa ya mawe Ngaka, ndiyo maana Valeria akapanda huku kwenye baridi yetu, akaajiriwa kuwahudumia wazee. Kwake yeye neno likikaa tumboni linachacha. Analitema palepale, halafu ameshasahau, anakuuliza kama una chumvi. Wazee walimpenda. Aliwaogesha huku akiwatania, mpaka babu Joakim, aliyekuwa hasemi na mtu, akaanza kumwita mchumba.

Mwenzake wa zamu alikuwa Wendelini, Mmatengo mwenzangu, mtu wa Mapera. Huyo ukimuuliza kama mvua inanyesha, anachungulia nje kwanza. Mikono mizuri, moyo mzuri, mdomo kauacha nyumbani. Walifanya kazi vizuri tu, mmoja akisema kwa ajili ya wawili, mwingine akisikiliza kwa ajili ya wawili.

Mpaka alipoletwa bibi Emerensiana kutoka Ukata, nyonga imevunjika. Daktari aliagiza asilale ubavu mmoja. Ageuzwe na watu wawili, taratibu, la sivyo atatoka vidonda. Wendelini alifika mlangoni na beseni la maji, akamwona bibi, akarudi kinyumenyume. Akaliweka beseni chini, akaenda kupasua kuni nyuma ya chumba hichohicho. Leo kuni, kesho kuni. Valeria akawa anamgeuza bibi peke yake, mgongo unamkatika.

"Wewe Wendelini! Bibi wa watu anaoza humu ndani, wewe unapasua kuni za harusi ya nani?"

Wendelini aliinama, akapasua. Kadiri alivyopigiwa kelele ndivyo alivyonyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo Valeria alivyozidi kuwaka. "Ananidharau kwa kuwa mimi Mnyasa," aliniambia, na machozi yalimtoka kweli. Kitu kimoja tu kilimpa nafuu: bibi hakuwa msumbufu. Akigeuzwa, kimya. Hata kuguna, haguni. "Afadhali huyu haumwi sana," alisema Valeria, akawa anamgeuza harakaharaka ili awawahi wengine.

Kidonda kikaanza mgongoni hata hivyo. Sista Beata, mkuu wetu, akawaita wote wawili. Valeria alisema yote. Wendelini alisema, "Sina neno, Sista." Hee! Nilikuwa nimeleta chai, nikatamani kumfinya. Sista akamwambia kama Jumatatu hataingia kwenye chumba kile, akusanye nguo zake aende. Jamani, mtu mwenyewe ana watoto wanasoma, mke katoka kujifungua, na ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umemaliza kahawa yake yote shambani. Kazi ile ndiyo iliyowalisha. Akaitikia, "Sawa, Sista," akarudi kwenye kuni zake.

Jumapili Valeria alishuka ziwani kuwaona wazazi wake. Baada ya misa akaja Hildegardi, mke wa Wendelini, na mtoto mgongoni. Nikadhani amekuja kumwombea mumewe kazi. Akanipita, akaingia kwa bibi Emerensiana, akapiga magoti. "Shikamoo mama. Nimekuletea mjukuu wako." Mama! Mama yake mzazi! Nikajishika kichwa.

Basi nikaelewa yote. Kwetu mama mkwe hashikwi mkono wala hatazamwi usoni. Ukimwona njiani unaingia porini ili apite. Sasa umvue nguo, umwogeshe? Na hata kulisema ofisini, mbele ya wanawake, ni aibu ileile. Mtu akaona bora apoteze kazi.

Wazee wetu wana kitu kinaitwa sengu. Wanaume wa ukoo wanakaa kula pamoja, na neno zito halisemwi mpaka watu washibe. Jumatatu nikasema leo sengu iko jikoni kwangu, wanawake nao wamo, atakayenuna anune. Valeria alikuwa amerudi na usipa, nikaukaanga. Nikamwita Sista, nikamwita Wendelini. Valeria alijaribu kuanzisha maneno, nikamwambia, "Kula kwanza!" Akala kwa hasira, ila alikula vizuri.

Sahani zilipokuwa tupu nikasema, "Wendelini, jana nimemwona mgeni wa bibi."

Akaisogeza sahani yake pembeni. "Bibi yule ni mama yake Hildegardi," akasema.

"Mkweo?" Valeria akaruka. "Na ukaniacha nikutukane siku zote hizi?"

"Ulikuwa unapiga kelele, dada. Habari za mkwe nitazisemaje kwenye kelele?"

"Mficha uchi hazai, kaka yangu! Hata kwetu ziwani mkwe ni mkwe, lakini akiugua tunamshika."

"Kwenu," akasema Wendelini. "Mimi nikimshika, hatanisamehe mpaka kaburini. Na Hildegardi naye."

Sista akauliza sasa tufanyeje. Valeria ndiye aliyejibu. "Mama Notburga ana mikono. Yeye na mimi tumgeuze bibi. Wendelini akae hapa asonge ugali."

"Mwiko wangu? Ashike mwanaume?" Nilibisha, sikatai. Lakini nilikifikiria kile kidonda, nikanawa mikono.

Tulipoingia, bibi alimshika Valeria nguo. "Yupo hapo nje?"

"Nani, bibi?"

"Mwenye kuni."

"Hayupo. Yuko jikoni, kule mwisho, anasonga ugali na mlango umefungwa."

"Hawezi kunisikia?"

"Hawezi."

Tukaanza kumgeuza. Bibi Emerensiana akapiga yowe, Yesu wangu, yowe la mtu anayechinjwa. Nikamwachia. Valeria naye akaondoa mikono.

"Bibi, ulikuwa unaumia hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Na ukanyamaza? Mimi nakugeuza kama gunia?"

"Shoka lilikuwa linapasua hapo nyuma ya ukuta," akasema bibi. "Nimlilie mkwe wangu?"

Valeria, mwenye maneno ya ziwa zima, akakaa sakafuni akalia kwa kwikwi, ananiuliza mimi, anamuuliza Mungu, kwa nini hakuna aliyemwambia. Bibi akanyoosha mkono akampapasa kichwani.

"Inuka, mwanangu, umalizie kunigeuza," akamwambia. "Nikilia usinibembeleze. Niache nilie."