Nyota ya Mdogo Mtu

Huko Montrivel, kijiji cha wafugaji katika milima ya mashariki mwa Ufaransa, alikuwapo mtengeneza jibini aliyeitwa Anatoile Courtavaux. Kazi aliijua, mke alikuwa naye, afya alikuwa nayo. Hata hivyo tangu ujana hadi mvi hakuwahi kuwa na moyo mweupe, kwa sababu ya mtu mmoja tu: Léonce, mdogo wake wa tumbo moja.

Enzi hizo vijana walichukuliwa jeshini kwa kura. Siku ya kura Anatoile alitumbukiza mkono akatoa namba mbaya: miaka saba ya bunduki. Alirudi nyumbani midomo imemkauka, maana alikuwa amekwisha kumchumbia Zélie Bouveret, binti wa msaga nafaka, na harusi ilikuwa ikingoja mavuno tu. Lakini sheria iliruhusu ndugu kwenda mahali pa ndugu. Mezani Léonce akasema, kama mtu anayejitolea kwenda kuchota maji, "Nitakwenda mimi. Kaka ana mchumba. Mimi nina nini? Nina viatu tu, navyo vinavuja."

Mama yao alilia. Anatoile alimkumbatia mdogo wake, akaapa kwamba hatasahau maisha yake yote. Kweli hakusahau, ila si kwa namna aliyoapa.

Habari zikaanza kuja. Léonce kapandishwa cheo Algeria. Léonce katunukiwa nishani Krimea. Kila mara padri alizitangaza kanisani, na kila alipotangaza, Anatoile alihisi kama kwamba jina linalosomwa ni lake, ila padri amekosea. Namba si ilikuwa yake? Basi farasi yule, upanga ule, wale watu wanaosimama wima bwana mkubwa akipita, vyote alivigawa mwenyewe, bure, kwa kumwogopa adui ambaye hakuwahi hata kumwona. Baada ya vita na Waprusi, Léonce akawa jenerali. Mama akatundika picha yake juu ya meko, palipokuwa pa Bikira Maria. Bikira akahamishiwa ukutani karibu na mlango, kwenye upepo.

Sokoni nako hakukukalika.

"Anatoile!" aliita Philomène, muuza mayai. "Jibini yako leo imesimama wima kama askari. Umeipigia saluti?"

"Mwache bwana," akadakia mwenziwe. "Jenerali wa maziwa hapendi utani."

Alicheka nao, kisha akaenda kukoroga maziwa kwa hasira hata yakamwagika motoni.

"Una kijiba cha roho wewe," Zélie alimwambia. "Ulitaka afe ndiyo ufurahi?"

"Sikutaka afe. Nilitaka abaki koplo. Koplo angenitosha."

Kisha jenerali akavua sare, akaingia siasa, akaja kugombea ubunge kwao. Hapo Anatoile aliona roho inamtoka. Alikwenda moja kwa moja kwa mpinzani, wakili Pernet, mtu ambaye hakuwahi kumpenda hata kidogo, akamwomba mabango. Akazunguka kijiji hadi kijiji akiyabandika juu ya picha za mdogo wake, gundi ikimchuruzika mpaka viwikoni.

Jumapili, misa ilipokwisha, Léonce alipanda juu ya mkokoteni uwanjani, amejifunika joho ingawa jua lilikuwa kali. Aliongea juu ya barabara na bei ya chumvi, bila madoido, na watu wakampenda. Mara akamwona kaka yake kando ya kisima.

"Yule pale ni kaka yangu," alisema. "Bila yeye nisingekuwa hapa."

Watu wote wakageuka. Anatoile akashindwa kujizuia.

"Basi waambie yote!" alipiga kelele. "Namba ilikuwa yangu! Nishani hizo ni zangu! Nyota hiyo inayokung'aria ni yangu mimi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Léonce hakucheka. Alilivua joho taratibu. Mkono wa kushoto wa koti lake ulikuwa mtupu, umekunjwa na kubanwa begani kwa pini. Montrivel walijua kwamba aliwahi kujeruhiwa, lakini hakuna aliyeambiwa kwamba ni kiasi hicho.

"Na mkono huu, kaka," aliuliza, "nao ulikuwa wako?"

Kisha mtu mmoja akalitaja jina la jenerali kwa sauti, wa pili akaitikia, wakamteremsha mkokotenini wakambeba mabegani. Anatoile alibaki amebanwa kisimani, akaelewa kwamba amemkabidhi mwenzake bonde zima. Hata aibu yake imegeuka kura za Léonce!

Jenerali alishinda, na siku iliyofuata akaja kula kwao. Zélie aliandaa soseji ya moshi na viazi. Bila kuulizwa, aliivuta sahani ya shemeji yake, akaanza kumkatia nyama vipande vidogo vidogo, kwa uangalifu. Anatoile aliitazama mikono ya mke wake. Yeye hakuwahi kukatiwa nyama hivyo.

"Lete hapa," alisema, akainyakua sahani, akakata mwenyewe.

"Unakata kama unapasua kuni," Léonce akamwambia.

"Kula."

Léonce alikula kidogo, akaweka uma chini. "Kaka, unajua nilikuwa nakuonea wivu? Kila nilipolala topeni niliwaona ninyi wawili mmekaa hapa, mnaota moto. Kuna mwaka nilikuchukia kabisa."

Zélie aliinuka kwenda kuleta mkate, na mkate ulikuwa mezani.

Anatoile alimgeukia mdogo wake. "Hata wivu?" alisema. "Hata wivu nao umenichukulia?"

Léonce alicheka mpaka akakohoa. Anatoile hakucheka.

Miaka ya bunge ikapita. Léonce alisema kweli mno, akagombana na wakubwa, magazeti yakamchambua. Anatoile aliyasoma yote, akifurahia kila tusi. Lakini siku mume wa Philomène alipomwita jenerali mwoga pale kilabuni, Anatoile alimchapa kofi la kumwangusha kitini.

"Kumtukana ni haki yangu mimi," alisema. "Wewe alikuchukulia nini?"

Léonce alifariki majira ya baridi, akazikwa Paris kwa mizinga. Anatoile na Zélie walikwenda kwa treni. Hata akilifuata jeneza, aliwaza kwamba maziko yake yeye yatahudhuriwa na padri na ng'ombe wa jirani. Langoni mwa makaburi walipanga mstari askari wazee wa Léonce. Walipouona uso wa Anatoile, paji lile lile, masharubu yale yale ya jenerali wao, wote wakainua mikono wakampigia saluti.

Anatoile aligeuka nyuma kuona ni nani anayesalimiwa. Hapakuwa na mtu. Mkono wake ukapanda nusu, ukaenda kwenye kofia, akaivua.

"Si mimi, bwana," alimwambia mzee wa karibu. "Mimi ni kaka yake tu."

Akaendelea kulifuata jeneza, kichwa wazi, theluji ikimdondokea.