Mbwa Aliyebweka Baada ya Kufa

Watu wakikaa kubishana ni vitabu gani vya majini na vyombo vya angani vinavyostahili kufanywa filamu, mimi huwacheka kimoyomoyo. Wao wanabishana kwa mdomo, mimi nina ushahidi wa vidole. Miaka thelathini na moja nimekaa chumba cha nyuma cha maktaba nikishona vitabu vilivyochanika, na nakwambia kitabu hujulikana kwa pale kilipochakaa. Kikichakaa mwanzoni tu, ujue watu walikianza wakakitupa. Kikichakaa mwishoni, walikuwa wanachungulia nani atakufa. Kinachostahili filamu ni kile kinachorudi kwangu kimelegea kote kote, kina madoa ya chai na makombo ya mkate. Hapo kazini wananiita Bi Gundi, na sijali, maana gundi ndiyo inayonilisha.

Sasa nisikilizeni nilivyomuumbua mtu.

Dada yangu mkubwa alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari. Mchana aliosha chupa, akakagua koki za gesi, akawafokea wanafunzi wanaochezea tindikali. Akitoka kazini anaandika. Aliandika kwenye madaftari ambayo wanafunzi waliyaacha nusu, kila daftari likiwa na muhuri wa shule na tarehe mgongoni. Mimi nikipiga pasi, yeye ananisomea. Hadithi yake iliitwa Fundi wa Jua. Ilikuwa ya watu wanaoishi chini ya ardhi, ambao mwanga wa jua huwafikia kwa mabomba kama maji, na mwanamke mmoja, fundi bomba, ndiye anayeziba mabomba yakivuja. Ana mbwa anaitwa Kutu. Kutu husikia bomba likitaka kupasuka kabla ya binadamu yeyote. Siku moja anabweka, anabweka, hakuna anayemsikiliza, bomba linapasuka, mwanga unamuunguza mbwa na kumkata fundi mkono wa kushoto. Siku aliyonisomea sura ya kifo chake niliunguza blauzi yangu nzuri kwa pasi, na wala sikuisikitikia.

Alipomaliza aliichapa kwa taipu ya shule, karatasi mia tatu na ushee. Sura zilikuwa na majina, hazikuwa na namba. Namba za kurasa ziliwekwa chini kabisa, pembezoni. Akaniletea, akasema, "Mdogo wangu, nishonee kitabu. Kesho ndiyo mwisho wa kupokea kwa mhariri."

Hapo ndipo nilipofanya langu. Nilikuwa na mafua, macho yanachuruzika, kichwa kizito. Nikaziweka karatasi kwenye mashine ya kukatia ili nilinganishe kingo, nikashusha kisu, kumbe nimesogeza ndani mno. Namba zote za kurasa zikaanguka sakafuni kwenye vipande vyembamba. Yarabi! Nilipoinama kuziokota, kiwiko changu kikaangusha rundo lote. Nikazipanga kwa kukisia, sura moja moja, nikashona kila sura kitita chake, nikabandika jalada jekundu. Dada alikibusu kile kitabu, nami sikumwambia kitu. Nilijiambia labda nimepatia.

Mhariri alikaa nacho miezi minane. Alikuwa kijana wa kujisikia, amejizungushia skafu shingoni hata jua linapochoma, ndiyo maana kwetu alibaki Bwana Skafu. Kitabu kilirudi na kikaratasi kimebanwa kwa pini: "Tumeisoma. Haituvutii. Tafadhali usitupotezee muda tena." Chini, sahihi yake yenye mikia.

Dada akasoma, akakunja koti lake la maabara, akakifunga kitabu ndani yake pamoja na madaftari na hicho kikaratasi, akasukuma chini ya kitanda. Akaapa hatagusa hadithi tena, kuandika wala kusoma. Na hakugusa. Mtu aliyekuwa anaongea na mabomba jikoni kama ndugu zake akawa anasoma matangazo ya vifo tu. Miaka ilipita, akastaafu, macho yakaingia ukungu. Mimi kila nikimwangalia nasikia kama nimemeza sindano.

Miaka miwili iliyopita kikaletwa chumbani kwangu kitabu cha kushonwa. Kilichochakaa ni sehemu moja tu, katikati, kurasa zimepinda huku na huku, kama watu walikuwa wanasonga mbele, wanashtuka, wanarudi nyuma. Nikashangaa. Nikasoma ili nijue kinawasumbua nini. Mhandisi mwanaume, anaziba mabomba ya mwanga chini ya ardhi. Ana mbwa anaitwa Radi. Mbwa anakufa, mhandisi anapoteza mkono wa kushoto. Sura inayofuata, mbwa yuleyule anabweka mlangoni asubuhi, na mhandisi anafunga kamba za viatu kwa mikono miwili!

Nikageuza jalada. Mwandishi: yule mhariri, Bwana Skafu.

Nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Siku hiyohiyo, dada akiwa kliniki ya macho, nilivuta lile furushi chini ya kitanda bila hodi. Madaftari yana mpangilio sahihi: mbwa anabweka, halafu anakufa. Kitabu changu chekundu kina mpangilio wa mafua: mbwa anakufa, halafu anabweka. Na cha Bwana Skafu ni kama changu, sura kwa sura. Mwizi alikuwa ameiba hadi kosa langu! Fundi mwanamke amemfanya mhandisi mwanaume, Kutu kamwita Radi, mengine yote kayabeba. Na wasomi magazetini walikuwa wamemsifu eti "anauchezea wakati kwa ujasiri".

Ungedhani nilikimbia kumwambia dada. Sikukimbia. Ili nimshike mwizi ilibidi niseme kosa limetoka wapi, na mimi ndiye niliyelifanya. Mficha uchi hazai, najua, lakini uchi ukiwa wako ni mzito. Nilikaa kimya miaka miwili, nikimchukia yule bwana mchana, nikijichukia mwenyewe nikilala.

Basi mwaka huu kampuni ya filamu ikaja maktabani. Walitaka kuchagua kitabu kimoja cha kubuni, wakaitisha wasomaji Jumamosi asubuhi ukumbini waseme wanachokipenda. Vitabu vitatu vilikuwa vimefika mwisho: cha jini aliyeajiriwa posta, cha chombo cha angani kinachoongozwa na wakunga, na cha Bwana Skafu, ambacho kila mtu alisema kimeshashinda. Nikamwambia dada, "Nisindikize, sitaki kukaa peke yangu." Akaguna, "Hadithi hizo mimi zinanihusu nini?" Lakini akavaa viatu. Nami nikabeba mfuko mzito, akaniuliza nimebeba nini, nikasema kazi.

Ukumbi ulijaa. Fundi saa mmoja alitetea majini hadi akatoka jasho. Muuguzi akasema wakunga wa angani wamemliza mara tatu. Mimi nilikuwa siwasikii vizuri. Bwana Skafu alikaa mbele, karibu na mwongozaji wa filamu, mama mmoja mwenye nywele fupi asiyecheka hovyo. Zamu yake ilipofika akaeleza mji wake wa chini ya ardhi, mabomba, mwanga. Pembeni yangu nikamsikia dada anaacha kupumua. Mkono wake ukanishika goti.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "anasema nini huyu?"

"Tulia dada. Nisubiri."

Nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti. "Mheshimiwa mwandishi," nikasema kwa adabu zote nilizofundishwa na mama, "mimi ni mshona vitabu tu. Nina swali dogo. Kwa nini mbwa wako anabweka baada ya kufa? Ni bahati mbaya, au ulikusudia?"

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu, akaitengeneza skafu. "Swali zuri sana, mama. Hapana, hakuna bahati mbaya katika sanaa. Msomaji wa kawaida anataka wakati unyooke. Mimi niliukunja. Kila sura niliiweka pale kwa makusudi. Kwa sehemu hiyo peke yake nilihangaika miezi minane."

Miezi minane! Ile ile aliyokaa na kitabu cha dada. Siku za mwizi arobaini, na ya huyu nilikuwa nimeishika mkononi.

"Pole kwa kuhangaika," nikasema. "Mimi hiyo kazi niliifanya kwa dakika kumi, nikiwa na mafua."

Nikatoa kitabu chekundu mfukoni, nikakiinua. Nikaeleza yote. Kisu, namba zilizokatika, rundo lililoanguka, vitita nilivyoshona kwa kukisia. "Hakuna nakala nyingine duniani yenye mpangilio huu. Madaftari haya hapa, yana muhuri wa shule, na yana mpangilio sahihi. Bwana huyu alikaa na nakala yangu miezi minane, akairudisha na karatasi ya kumwambia dada yangu asimpotezee muda. Kosa ni langu. Wizi ni wake."

"Mama huyu amechanganyikiwa," Bwana Skafu akasema, lakini sauti ilimtoka nyembamba. Mwongozaji akanyoosha mkono. Nikampelekea. Akaviweka vitatu mezani, daftari, chekundu na cha Bwana Skafu, akawa anasoma mstari wa daftari kwa sauti, kisha mstari wa kitabu cha bwana huyo. Maneno ni yale yale. Alipofika kwenye mbwa, akafunga kitabu, akamgeukia Bwana Skafu. "Hebu tueleze tena," akasema, "uliukunja vipi wakati?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mtu nyuma akabweka. Wakabweka watano, wakabweka ishirini, na Bwana Skafu akatoka akijigonga kwenye viti, skafu imenasa kwenye mkono wa kiti, akaiacha hapo hapo. Roho yangu kwatu! Sitasema uongo kwamba nilimwonea huruma. Nilitamani aingie tena, atoke mara ya pili.

Kisha nikageuka, nikakutana na macho ya dada.

"Ulikata namba?"

"Nilikata, dada."

"Miaka kumi na tisa unakula kwangu, unalala kwangu, na hukusema."

Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa. Mwongozaji alikuwa ameshatufikia. Alimsalimia dada kwa heshima, akasema anataka filamu ya fundi mwanamke, jina la dada liandikwe la kwanza, na akaomba akichukue kile kitabu chekundu akakisome chote.

"Hapana," dada akasema.

Nikadhani ameapa tena.

"Hicho kimeshonwa ovyo. Mpe huyu siku mbili akifumue, akipange upya. Halafu njoo ukichukue." Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi inimeze, lakini hakuna adhabu niliyowahi kuipokea kwa furaha kama ile.

Siku mbili tulikaa mezani uso kwa uso. Mimi nafumua uzi, yeye ameinamia karatasi, pua karibu iguse, anaandika namba kwa mkono wake mwenyewe, moja hadi mia tatu na kumi na mbili. Hakunisemesha chochote isipokuwa namba. Tulipofika kwenye Kutu akaweka kalamu chini, akavichukua vile vitita viwili, akavibadilisha nafasi yeye mwenyewe. "Kwanza abweke," akasema. "Alibweka, na hakusikilizwa. Ndiyo maana yake yote." Halafu akanitazama. "Na kingo usiziguse." Nikaapa sitazigusa.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya Bwana Skafu, nene, imefungwa vizuri. Nilijua ni ya nini hata bila kuifungua. Kazi imemponyoka, magazeti yanambwekea, anaomba dada aseme neno moja tu la kumsitiri. Nikasema tuichome. Dada akasema hapana, kuchoma ni hasara ya kiberiti.

Akaingia chumbani, nikamsikia anavuta lile koti chini ya kitanda. Akarudi na kile kikaratasi, kimeshageuka rangi ya njano, pini yake ina kutu. Hakuifungua ile barua. Akaibana na kikaratasi kwa pini ileile, akaitia kwenye bahasha, akanipa nikaifunge kwa gundi posta na kuituma.

Njiani nilikisoma mara ya mwisho. "Tumeisoma. Haituvutii. Tafadhali usitupotezee muda tena." Sahihi ilikuwa yake mwenyewe, na mikia yake yote.